Somo la Ufinyanzi: Kasoro za Rangi ya Chini katika Vigae vya Mkono, na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake



Somo la safari hii linavihusu vyama vinavyotengeneza vigae vya udongo kwa mkono, vikavitia nakshi za rangi na kuvivika glezi. Kusudi letu ni kueleza jinsi ya kupata chanzo cha kasoro pindi kigae kitokapo jokoni kikiwa kimeharibika, na kukipata kabla Halmashauri haijaamua ni nani atakayebeba hasara. Twalitaja jambo la hasara mwanzoni, ijapokuwa hili ni somo la ufundi, kwa sababu katika kuvizungukia vyama tumeona wanachama wakiumizwa zaidi na hukumu ya haraka kuliko na kasoro yenyewe.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Glezi ni lile koti la kioo lililo juu ya kigae. Hutengenezwa kwa unga wa mawe na madini yayeyukayo motoni, kama silika, feldispa na chokaa, ukakorogwa kwa maji hata ukawa mfano wa maziwa mazito. Kisha kigae huchovywa ndani yake au humiminiwa. Rangi ya chini ni ile itiwayo juu ya udongo na kufunikwa na glezi angavu, ili nakshi ionekane kana kwamba imo ndani ya kioo, isifutike kwa kuoshwa wala kwa kusuguliwa. Rangi hizi si zile za mafuta za kupakia milango, ni madini. Kobalti hutoa buluu. Shaba hutoa kijani, au feruzi katika glezi yenye magadi mengi. Chuma hutoa kahawia na wekundu wa tofali, manganizi zambarau iliyokoza hata ikakaribia weusi, na kromi kijani kizito. Madini hayo huchanganywa na udongo mweupe kidogo, kama ule wa vilima vya Pugu, pamoja na kitu chenye kuyeyuka, ili yashikamane na kigae.

Wakazi wa pwani wameiona kazi ya namna hii tangu zamani, pengine bila kujua jina lake. Makaburi ya kale yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi na Mambrui, yalipachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, ijapokuwa nyingi zimekwisha kung'olewa. Na ile buluu ya China iliyo maarufu duniani si kitu kingine ila kobalti iliyopakwa kwa burashi chini ya glezi.

Katika vyama vingi kazi hupita motoni mara mbili. Kigae hukaushwa, kikachomwa moto wa kwanza hata kikawa kigumu lakini chenye kufyonza maji. Hupakwa rangi, huvikwa glezi, kisha huchomwa moto wa pili. Wapo wapakao rangi kwenye udongo ambao haujapata moto bado. Njia zote mbili ni sahihi, ila hapa twasema zaidi juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotuletea barua nyingi za malalamiko.

Vigae 140

Chama kimoja cha pwani, ambacho jina lake tunalihifadhi, kilipata oda ya vigae 600 vya buluu na nyeupe kwa ajili ya ukuta wa baraza. Joko la moto wa pili lilipofunguliwa, vigae 140 vilionekana vina mabaka matupu. Glezi ilikuwa imejikunyata, ikajikusanya kama matone ya maji juu ya jani la mgomba, ikauacha udongo wazi. Halmashauri ilikutana jioni ile ile. Ikaamuliwa kwamba wapaka rangi watatu, wote akina mama, walipaka rangi nene mno, na fedha zikakatwa katika malipo yao ya mwezi. Hakuna aliyeandika sababu kwenye daftari zaidi ya maneno mawili: "rangi nene".

Mwandishi wa somo hili alifika siku kumi baadaye. Vigae vibovu vilikuwa vimerundikwa nyuma ya ghala, na kwa bahati njema havijatupwa. Tulivipanga 40 chini ya mwembe, vyote vikielekea upande mmoja kwa kufuata nakshi, tukavitazama kwa pamoja. Mabaka hayakutawanyika ovyo. Katika vigae vingi yalikaa kwenye kingo mbili zinazotazamana: ukingo mmoja baka moja pana, ukingo wa pili mabaka madogo matatu au manne. Tena kingo hizo zilikuwa nyeupe tupu. Nakshi ya buluu ilianza upana wa vidole viwili ndani. Mahali palipopakwa buluu nene, glezi ilitulia vizuri.

Yeyote aliyewahi kubeba kigae anaweza kusema yale mabaka yalikuwa nini. Baka pana ni la dole gumba, na madogo ni ya vidole vingine. Vigae vile vilitolewa katika joko la moto wa kwanza saa saba mchana na vijana wa zamu, na langoni pa karakana hiyo huuzwa mihogo ya kukaanga. Udongo uliochomwa moto wa kwanza hunywa mafuta kama unywavyo maji, lakini mafuta hayakauki. Glezi ya maji haishiki juu yake. Hukaa kwa kudanganya mpaka moto uyeyushe, ndipo hujikunyata ikakimbia.

Basi akina mama wale hawakuwa na kosa. Rangi nene nayo huweza kuleta kasoro hiyo hiyo, na hilo ndilo lililoipotosha Halmashauri: walilijua jambo moja la kweli, wakalitumia pasipo lake.

Vigae vya ushahidi

Kwa kuwa kasoro moja huweza kuwa na asili nyingi, macho peke yake hayatoshi. Twavishauri vyama vyote kuweka vigae vitatu vya ushahidi katika kila joko la moto wa pili, kutoka rundo lile lile linalofanyiwa kazi. Cha kwanza kipakwe rangi bila glezi. Cha pili kivikwe glezi bila rangi. Cha tatu kipakwe rangi nusu yake, kisha kivikwe glezi chote. Namba ziandikwe nyuma kwa kutu ya chuma iliyokorogwa kwa maji, maana wino na kalamu ya risasi huteketea motoni.

Joko likifunguliwa, visomeni hivi. Ikiwa glezi imejikunyata hata kwenye kile kisicho na rangi, rangi haina hatia. Tafuteni mafuta, vumbi, au glezi iliyovikwa nene kupita kiasi. Ikiwa cha pili ni safi, na cha tatu kimeharibika kwenye nusu ya rangi tu, hapo rangi ndiyo yenye neno. Kisha mchukue kile chenye rangi tupu, mkisugue kwa kidole. Rangi ikitoka kama chaki hata baada ya kupita motoni, haikuwa na kitu cha kutosha cha kuyeyuka, na glezi iliwekwa juu ya vumbi ijapokuwa jicho liliona rangi.

Wenye nafasi na waongeze kigae cha nne, tuseme kigae cha ngazi. Kigawanywe mistari minne: mstari wa kwanza upakwe tabaka moja ya rangi, wa pili mbili, wa tatu tatu, wa nne nne, kisha kivikwe glezi ile ile. Kigae hiki kimoja huonyesha ni wapi rangi hukosa kukolea na ni wapi huanza kuikataa glezi. Kikitundikwa ukutani mbele ya wapaka rangi, hufundisha kuliko hotuba.

Glezi inapojikunyata

Mbali ya mafuta, chanzo cha kawaida ni vumbi. Kigae cha moto wa kwanza kikikaa ghalani wiki mbili katika kiangazi hufunikwa na unga ambao jicho halioni. Kipanguseni kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, kisha kiacheni kikauke. Kupuliza kwa mdomo hakufai, na kufagia karakana kwa ufagio mkavu ni hatari. Vumbi la silika likivutwa pumzini mwaka hata mwaka huharibu mapafu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Sakafu ipigwe deki kwa maji. Kigae kilichokwisha kunywa mafuta hakisafishiki kwa sponji. Kirudishwe jokoni kikapate tena moto mwekundu, mafuta yataungua na kigae kitafaa.

Chanzo cha pili ni unyevu. Mpakaji mwenye haraka huivika glezi rangi ambayo haijakauka, nayo hujitenga. Cha tatu kimo katika glezi yenyewe. Ikiwa ina udongo mbichi mwingi, hunywea inapokauka, ikapasuka nyufa kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi. Nyufa hizo huonekana kabla ya moto, na aliyeziona akapakia jokoni asishangae. Zisugueni polepole kwa ncha ya kidole kikavu hadi zizibe. Na kwa glezi ya safari ijayo, sehemu ya ule udongo mweupe ichomwe kwanza hadi iwe nyekundu kwa moto, ndipo isagwe na kutiwa, kwani udongo uliokwisha kuchomwa haunywei tena.

Chanzo cha nne ni gundi. Wapaka rangi wetu hutia gundi ya mgunga ili rangi isibanduke kabla ya moto, na ni desturi nzuri. Ikizidi, hata hivyo, rangi hukauka ikawa na ngozi inayong'aa, na glezi huteleza juu yake. Ikipungua, rangi hutoka kwenye kigae wakati wa kuchovya, nakshi ikavurugika na ndoo ya glezi ikageuka buluu. Tena gundi huoza upesi katika joto letu. Rangi iliyokaa kwenye kopo hata ikanuka imepoteza nguvu yake ya kushika, nayo hurudi kuwa unga mtupu. Mpakaji aweza kuapa kwamba alitia gundi, naye asema kweli. Korogeni ya siku chache tu, na tarehe iandikwe kwenye kopo.

Wenye kuni za kutosha wanayo njia bora ya kuepuka matatizo ya gundi, nayo ni kuchoma vigae vilivyopakwa rangi kwa moto mdogo, wa kadiri ya digrii 700 za Sentigredi, kabla ya kuvika glezi. Moto huo huunguza gundi yote na kuishikisha rangi. Gharama yake ni kweli ipo. Lakini chama chenye oda ya nakshi nyembamba nyembamba kitaipata gharama hiyo ndani ya vigae ambavyo havikuharibika.

Rangi inapochuja

Kila mwenye kanga anajua maana ya rangi kuchuja. Katika vigae, mstari wa buluu uliopakwa mwembamba hutoka jokoni umetanda kingoni kama wino kwenye karatasi mbovu. Ulizeni swali hili kwanza: je, ni rangi zote zilizotanda, au ni buluu peke yake? Ikiwa ni zote, kosa ni la glezi au la moto: glezi ni nene, au ni nyepesi mno inapoyeyuka, au joko limepita kipimo chake. Ikiwa ni buluu pekee, kobalti imetiwa kali. Ipunguzwe kwa kuongezewa udongo mweupe. Glezi inayotiririka nayo hutulizwa kwa udongo huo huo, kidogo kidogo, sehemu tatu hadi tano katika mia, ikijaribiwa kila mara kwa vigae vya ushahidi.

Juu ya kipimo cha moto, macho ya fundi mzoefu yana thamani, lakini hayaandikiki daftarini. Koni za kupimia moto hazina gharama kubwa zikilinganishwa na joko zima lililoharibika. Koni namba 06 huinama karibu na digrii 1,000, na namba 04 karibu na digrii 1,060, ikitegemea kasi ya moto. Wekeni moja mbele, moja nyuma, moja juu na moja chini. Chama chenye joko la kuni kitashangaa kuona jinsi pembe moja ilivyokuwa ikipika zaidi ya nyingine miaka yote, huku wapaka rangi wakisutwa kwa vigae vilivyokaa pembe hiyo.

Hata mafundi walio mashuhuri waliteswa na jambo hili. Mji wa Iznik, katika Uturuki, ulitengeneza katika karne ya 16 vigae vya rangi ya chini ambavyo hadi leo hutajwa kuwa miongoni mwa vizuri kupita vyote. Vinaonekana katika Msikiti wa Süleymaniye huko Istanbul, uliokamilika mwaka 1557. Wekundu wao ulitokana na udongo wenye chuma nyingi, uliopakwa mnene hata ukainuka kwenye kigae na kupapasika kwa kidole. Michoro yao waliizungushia mstari mweusi, nao hupendeza jicho na kuficha kutanda kidogo kwa rangi. Kufika karne ya 17 wekundu ule ulikuwa umefifia ukawa wa kahawia, buluu ikichuja, na glezi yenyewe ikiwa na mawaa. Mafundi hawakusahau kazi kwa usiku mmoja. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni bei: utawala wa Sultani ulipanga bei za vigae, nazo hazikupanda pamoja na gharama wakati thamani ya fedha iliposhuka mwishoni mwa karne ya 16.

Mwandishi halitaji jambo hilo kwa kupenda historia tu. Katibu atiaye sahihi bei isiyotosha tabaka mbili za rangi na kuni kavu, amekwisha kuagiza kasoro kabla udongo haujakandwa. Ni vyema wapaka rangi na mchoma joko waitwe kabla ya bei kukubaliwa, wala si baada ya joko kufunguliwa.

Rangi inapogeuka au kupotea

Hapa madini hutoa ushahidi wenyewe. Kobalti huvumilia karibu moto wowote, shaba haivumilii. Mkiona buluu imetoka safi lakini kijani cha shaba kimegeuka cheusi au chenye wekundu wa kutu, joko lilijaa moshi na kukosa hewa. Hilo ni jambo la mchoma joko: kuni zilikuwa mbichi, au zilishindiliwa nyingi kwa wakati mmoja, au mlango wa hewa ulizibwa. Mpaka rangi hana aliwezalo hapo. Kijani cha kromi nacho hugeuka kahawia kikivikwa glezi yenye zinki. Basi chama kinachonunua glezi iliyokwisha kuchanganywa kiulize kwanza kama ina zinki ndani yake.

Katika kununua huko muulize pia habari ya risasi. Glezi zenye risasi huyeyuka kwa urahisi na kung'aa sana, ndiyo maana zilipendwa kwa karne nyingi, Iznik ikiwemo. Lakini risasi ni sumu kwa anayeisaga, anayeikoroga na anayechoma, na watoto wachezao karibu na karakana huathirika mapema kuliko wazee. Hakuna oda inayostahili jambo hilo.

Michirizi ya burashi ni kasoro ndogo. Aghalabu hutokana na kupaka tabaka moja tu, au na kigae chenye kiu kupita kiasi kinachoinyang'anya burashi maji yake. Pakeni tabaka mbili au tatu nyembamba, ya kwanza toka kushoto kwenda kulia, ya pili toka juu kwenda chini, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kiu ya kigae hupimwa kwa tone la maji. Likizama papo hapo, moto wa kwanza ulikuwa mdogo, na sponji yenye unyevu itasaidia. Likibaki juu bila kuzama, moto ulizidi, na glezi itakuwa taabu kushika.

Vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano mara nyingi ni hewa iliyotoka ndani ya udongo ambao haukuiva moto wa kwanza. Nyufa nyembamba mfano wa utando wa buibui, zitokeazo baada ya siku au miezi, ni ugomvi kati ya udongo na glezi wanaponywea kwa kadiri tofauti. Mpaka rangi asihusishwe na lolote katika hayo mawili.

Jambo moja lahusu pwani hasa. Visima vyetu vingi vina chumvi. Maji hayo yakikandia udongo, chumvi huja juu kigae kikaukapo, hasa kwenye kingo, ikaacha ukoko mweupe. Na rangi iliyopakwa juu ya ukoko huo hubanduka kama magamba au hupata ukungu chini ya glezi. Maji ya chumvi huibadilisha hata glezi ndani ya ndoo, ikawa nzito ghafula ijapokuwa hakuna aliyeongeza unga. Wapo walioongeza maji, na maji, hata glezi ikakosa nguvu. Dawa ni mabati na pipa: maji ya mvua yahifadhiwe kwa kazi ya rangi na glezi, na ya kisima yabaki kwa kuoshea sakafu.

Daftari la joko

Kila chama kiwe na daftari moja lisilotumiwa kwa jambo jingine. Kwa kila joko iandikwe tarehe, udongo ulikochimbwa, koni zilivyoinama katika pembe zote nne, kopo la rangi lililotumika na siku lilipokorogwa, ndoo ya glezi, majina ya waliopakua moto wa kwanza, waliopaka rangi, waliovika glezi na waliochoma. Kisha idadi ya vigae vizuri na vibovu, na vibovu vielezwe kwa mahali vilipokaa jokoni na mahali kasoro ilipo kwenye kigae: ukingoni, katikati, juu ya rangi, pasipo na rangi. Majina hayaandikwi ili kumkamata mtu. Pasipo majina yote, jina litakalokumbukwa siku ya hasara ni la yule aliyekuwa wa mwisho kuonekana ameshika burashi.

Twapendekeza pia kwamba makato yoyote ya hasara ya joko yasipitishwe kabla vigae vya ushahidi havijasomwa mbele ya wahusika, na vigae vibovu visitupwe mpaka hapo.

Katika chama kile cha vigae 140, Mkutano Mkuu uliagiza akina mama wale warudishiwe fedha zao. Wawili walizipokea wakaendelea na kazi. Wa tatu, ambaye kwa kauli ya wenzake alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote katika mistari myembamba, alikuwa amekwisha kujitoa akarudi kusuka ukili nyumbani. Katibu alimpelekea fedha mwenyewe. Alizihesabu, akashukuru, wala hakurudi.

Vigae vyenyewe havikupotea vyote. Kigae ambacho glezi yake imejikunyata na rangi yake ni nzima huweza kuponywa. Kisafishwe, kipashwe moto kidogo juani au karibu na joko linalopoa, kisha glezi nzito iliyotiwa gundi ipakwe kwa burashi kwenye baka, na kichomwe tena kwa kipimo kile kile. Katika 140, vigae 90 na kitu vilikubaliwa na mnunuzi baada ya kazi hiyo. Vile ambavyo rangi imechuja haviponyeki. Vivunjwe kwa nyundo chini ya gunia lililoloweshwa, mvunjaji akiwa amekinga macho, na vipande viuzwe kwa uzito kwa mafundi wa sakafu.